Mwindaji wa Usiku katika Michikichi ya Lualaba
Mhadhara uliotolewa Lokandu, jimbo la Maniema



Juu ya michikichi yetu, na katika miti mirefu inayoufuata mto Lualaba, anaishi nyoka ambaye watu wa msitu wamekuwa wakikutana naye tangu enzi za mababu. Katika vitabu vya wataalamu wa wanyama, hata hivyo, hakuwa na jina lake mwenyewe hadi mwaka 2021. Mwaka huo, katika jarida la Zootaxa, kundi la watafiti lililoongozwa na Eli Greenbaum wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso lilimtenga na ndugu zake wa magharibi na kumwita Toxicodryas vexator. Miongoni mwa walioandika kazi hiyo wamo Wakongomani wenzetu: Chifundera Kusamba wa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro, Kivu ya Kusini, na Gabriel Badjedjea wa Kisangani. Nawataja kwa makusudi mbele ya wanafunzi waliopo hapa. Elimu ya nyoka wa Kongo haiandikwi tena na wageni peke yao, na kijana wa Maniema anayeipenda kazi hii asidhani kwamba mlango wake uko Ulaya tu.

Kabla ya hapo hali ilikuwaje? Mwaka 1844 Mmarekani aitwaye Edward Hallowell alimwandika nyoka mkubwa wa mti kutoka Liberia, akampa jina la daktari William Blanding. Tangu siku hizo, nyoka wote wakubwa wa namna hiyo, kuanzia misitu ya Afrika Magharibi, kupita Kongo na Uganda, hadi magharibi ya Kenya, walihesabiwa kuwa aina moja. Mdogo wake, nyoka mwembamba mwenye madoa ya vumbivumbi aliyeandikwa na mtaalamu Fischer mwaka 1856, naye alihesabiwa hivyo hivyo. Kazi ya mwaka 2021 iliwagawa wote wawili. Wakubwa wa upande wetu, mashariki ya mahali Ubangi inapokutana na mto Kongo, wakawa vexator. Wadogo wa Afrika ya Kati wakaitwa adamantea, kwa ajili ya mabaka yao yaliyochongoka pande nne.

Jambo lililonifanya niichague mada hii kwa mji wa mtoni ni sababu ya mgawanyiko huo. Mwaka huohuo, mtafiti Kaitlin Allen na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya nyoka hawa. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba wanyama wa msitu wa Afrika walitengana wakati wa zama za barafu, msitu ulipokauka ukabaki vipande vipande, na kila kipande kikalea ukoo wake. Kwa nyoka hawa, Allen na wenzake waliona habari nyingine: koo zao zinatengana kufuata mito mikubwa, na utengano wenyewe ni wa zamani zaidi, wa enzi ya Miosini, mamilioni ya miaka kabla ya barafu hizo. Mto mpana ni ukuta kwa kiumbe anayeishi juu ya miti na kuwinda usiku. Sisi tunauvuka Lualaba kwa mtumbwi asubuhi na kurudi jioni na mzigo wa sombe, wala hatufikirii kwamba maji haya yanaweza kumtenga mnyama na mwenzake mpaka wakawa aina mbili.

Sasa tumtazame mwenyewe. Ni nyoka mrefu. Wengi hufikia mita moja na nusu hadi mbili, na wakubwa kabisa hukaribia mita 2 na sentimita 80. Mwili wake umebanwa ubavuni, kwa hiyo anaweza kujinyoosha hewani kutoka tawi hadi tawi bila kukunjika. Shingo ni nyembamba mno, na juu yake kuna kichwa kipana, bapa, kizito. Macho ni makubwa, yametokeza, na mchana mboni yake husimama wima kama ya paka. Dume mzima huwa mweusi anayeng'aa, na tumbo lake ni la manjano. Jike huwa wa kahawia au manjano yaliyofifia, pengine na mapande meusi ubavuni, na watoto hufanana naye. Ndiyo maana watu wengi huapa kwamba ni nyoka wawili tofauti. Ukihesabu magamba kuzunguka katikati ya mwili, utapata safu 21 hadi 25. Yule mdogo, adamantea, ana safu 19. Hesabu hiyo nawaachia wanafunzi, tena kwa nyoka aliyekwisha kufa.

Mchana hulala. Hujikunja katika makuti ya mchikichi, ndani ya shimo la mti, kwenye rundo la majani, au katika kiota kilichohamwa na ndege. Giza likiingia huamka na kuanza kutembea polepole kwenye matawi, akichungulia kila kiota. Hula ndege waliolala, vifaranga, mayai, popo, panya, mijusi na vinyonga. Kwenye michikichi ya vijiji vyetu wapo minana, wale ndege wa manjano wafumao viota vinavyoning'inia kwa makumi. Mahali pa namna hiyo ni karamu kwake. Popo humleta hata kwenye mapaa. Mtu akimkuta juu ya dari ya nyasi huona kwamba amerogewa nyumba, kumbe nyoka amefuata popo waliojazana kwenye kona za paa hilo. Jike hutaga mayai 7 hadi 14, hayalalii wala hayalindi, na watoto wakitoka kila mmoja hujitafutia.

Akibanwa, habembelezi. Huinua sehemu ya mbele ya mwili, hukunja shingo, hutanua kichwa, hufungua kinywa wazi na kurusha mapigo mfululizo. Wanaokata matunda ya ngazi juu ya michikichi ndio wanaomwona katika hali hiyo, wakiwa wamefungwa kwa kamba kwenye shina, panga mkononi, bila nafasi ya kurudi nyuma. Sishangai kwamba wanamkata. Ningetamani tu kwamba kabla ya kupanda, mkataji ayapige makuti makavu kwa mti mrefu akiwa bado chini, maana nyoka huyu akipewa nafasi huondoka.

Na sumu yake? Hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa ndipo makosa yanapozaliwa.

Nyoka wa jamii ya swila na koboko ana meno ya sumu mbele ya kinywa, na sumu huingia mara moja kwa nguvu. Huyu wetu ana meno ya sumu nyuma ya taya la juu, karibu na chini ya jicho. Meno hayo si bomba. Yana mfereji ubavuni tu, na tezi inayoyalisha sumu haina msuli mkubwa wa kuikamua. Sumu huchuruzika wakati nyoka anatafuna. Kwa hiyo lazima amshike mnyama wake, amng'ang'anie, asogeze taya hadi meno ya nyuma yafike. Ndege aliyeshikwa usingizini hana pa kwenda, na njia hiyo inatosha.

Sumu yenyewe hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kwa kawaida neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli huipokea na kujikaza. Protini za sumu hii hukaa kwenye vipokezi vya msuli na kuiziba njia, na mnyama hulegea mpaka kupumua kunakoma. Jambo la ajabu ni kwamba sumu za ukoo huu zimeelekezwa kwa viumbe fulani. Mwaka 2006 watafiti walichambua sumu ya Boiga dendrophila, nyoka wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki aliye na undugu na hawa wetu, wakakuta ndani yake protini waliyoiita denmotoksini, ambayo hushika vipokezi vya msuli wa ndege kwa nguvu nyingi zaidi kuliko vya mnyama anyonyeshaye. Mwaka 2009 ikaandikwa nyingine, irditoksini, kutoka kwa Boiga irregularis: huua ndege na mijusi, panya ikamwacha. Nyoka hawa wamejitengenezea silaha ya mawindo yao.

Ndiyo sababu tunasema sumu ya Toxicodryas ni hafifu kwa binadamu. Walioumwa na nyoka hawa wakaandikwa na madaktari walipata maumivu na uvimbe, kisha wakapona. Lakini nyoka mkubwa anayeng'ang'ania kidole na kutafuna ana sumu ya kutosha kumtaabisha mtu, hasa mtoto, na hakuna dawa ya kuipinga iliyotengenezwa kwa ajili yake popote duniani.

Tena neno "hafifu" limewahi kuwalaza watu kaburini. Habari ya mmoja wao inaanzia kwetu: mwambao huu wa Lualaba na misitu ya kaskazini mashariki vilivutia wakusanyaji wa wanyama tangu zamani.  Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walikusanya mizigo kwa mizigo ya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya New York. Nyoka wao waliandikwa mwaka 1923 na Karl Patterson Schmidt, na kazi hiyo ikawa nguzo ya elimu ya nyoka wa Kongo. Basi Schmidt huyuhuyu, mwezi Septemba 1957, akiwa Chicago, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alikuwa Dispholidus typus, nyoka wa mti wa Afrika mwenye meno ya sumu nyuma. Alimuuma kwenye kidole gumba. Jino moja tu ndilo lililoingia vizuri. Schmidt hakuliona kuwa jambo kubwa. Alirudi nyumbani kwa treni, akaanza kuandika moja baada ya jingine mabadiliko aliyoyaona mwilini: kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi, damu kwenye mkojo. Asubuhi yake alipata kifungua kinywa akijiona ana nafuu. Alasiri alikufa, damu ikiwa imevuja kwenye mapafu na ubongo.

Mwaka 1975 ikatokea tena Ujerumani. Robert Mertens, mmoja wa mabingwa wakubwa wa nyoka wa karne ile, aliumwa na nyoka-kijiti, Thelotornis, aliyekuwa akimfuga. Alikufa baada ya siku 18.

Wote wawili waliuawa na nyoka wenye meno nyuma, nyoka ambao watu waliwaweka kapu moja na huyu wetu. Na ndugu zangu, Thelotornis kirtlandii ni nyoka wa misitu yetu hii. Mwembamba, rangi ya kijiti kikavu na ukungu wa miti, kichwa kimechongoka, hukaa kimya mchana kutwa juu ya kichaka. Dispholidus naye hupatikana kwenye kingo za msitu na mahali palipofunguliwa mashamba. Sumu yao haigusi neva. Huifanya damu ishindwe kuganda, na dalili zinaweza kuchelewa saa nyingi, mgonjwa akarudi shamba akidhani yamekwisha.

Tena kuna nyoka weusi. Kijana akiniambia ameona nyoka mweusi mkubwa, anang'aa, tumbo la manjano, juu ya mti, siwezi kumwambia kwamba ni vexator na amwache apite bila wasiwasi. Anaweza kuwa Pseudohaje goldii, swila wa mitini, mwenye sumu kali ya kuua. Anaweza kuwa swila wa msituni wa kawaida, ambaye hupanda vizuri. Anaweza kuwa Thrasops jacksonii, mweusi, mwepesi, asiye na madhara ya maana. Tofauti ipo kichwani. Swila wa mitini ana kichwa kifupi kisichotengana sana na shingo, na jicho kubwa lenye mboni ya duara. Thrasops pia mboni yake ni duara. Vexator ana kichwa kipana kilichokaa juu ya shingo nyembamba, na mboni ya wima. Lakini jueni kwamba mboni hiyo ya wima hufunguka gizani ikawa karibu duara, kwa hiyo alama hii ni ya mchana, tena ya mtu aliye mbali na mwenye macho mazuri, au mwenye picha ya simu anayoweza kuikuza. Asogeleaye nyoka ili amtazame mboni amefanya kosa lilelile la Schmidt.

Kwa wauguzi waliopo nina maneno machache ya kazi. Aliyeumwa asifungwe kamba, asichanjwe, asinyonywe jeraha. Jiwe jeusi, ambalo wengi hapa wanalitunza kwa heshima, halivuti sumu; ubaya wake mkubwa ni saa zinazopotea mgonjwa akilisubiri lianguke. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao kisitikisike, pete na bangili zitolewe, mgonjwa abebwe badala ya kutembea. Kisha chukueni mililita mbili za damu, muweke katika kichupa cha kioo, kipya, kisafi na kikavu, kikae dakika 20 bila kuguswa. Kikiinamishwa na damu bado ni maji, kuganda kumeharibika, na mgonjwa huyo hawezi kurudi nyumbani hata kama anacheka. Rudieni kipimo baada ya saa kadhaa. Kope zikilegea, sauti ikibadilika, mate yakishindikana kumezwa, basi ni neva, na kupumua ndiko kwa kuangaliwa. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine, nacho kinaweza kuamua uhai wa mtu katika kituo cha afya kilicho mbali na Kindu.

Dawa ya kupinga sumu ni habari ya kusikitisha. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, likakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na likaweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Dawa pekee ya sumu ya Dispholidus hutengenezwa Afrika Kusini, nayo haimsaidii aliyeumwa na Thelotornis. Kwa hali hiyo, kinga ya mtu wa Lokandu ni taa mkononi usiku, neti iliyochomekwa vizuri chini ya mkeka, na kuyatazama makuti kabla ya kuyashika.

Mtu mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: kama kumtambua ni kazi ngumu hivi, kwa nini tusiwaue wote? Swali lake ni la haki, maana anayeuliza ana watoto. Mimi namjibu hivi. Wako watu wengi wanaoumwa na nyoka kwa sababu wamemwendea wenyewe: mkono unaonyanyua panga kumfikia nyoka aliye juu ya mti ndio unaomweka karibu. Aliye mita nne juu yako, anayewinda ndege usiku, hana safari nawe. Tena panya wanaomaliza mpunga na mahindi yetu wamo katika chakula chake.

Wengine watataja kisiwa cha Guam, katika bahari ya Pasifiki, na nawaambia wamesoma vizuri. Huko Boiga irregularis aliingia baada ya Vita Kuu ya Pili, inaelekea ndani ya shehena za jeshi kutoka visiwa vya Papua Guinea Mpya. Ndege wa msitu wa kisiwa kile hawakuwahi kuishi na nyoka wa namna ile. Kati ya aina 12 za asili, 10 zilitoweka, na mwaka 1987 mtafiti Julie Savidge alionyesha kwamba nyoka ndiye aliyezimaliza. Lakini ya Guam ni habari ya mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Ndege wa Maniema wameishi pamoja na nyoka huyu kwa mamilioni ya miaka. Minana hutundika viota vyao kwenye ncha za makuti, na huungana kwa makumi wakapiga kelele pamoja. Hizo ni njia za viumbe wanaomjua adui yao. Huku kwetu nyoka hajamaliza ndege. Mitego, moto na misumeno ndiyo inayowapunguza, na humpunguza nyoka mwenyewe pia.

Msitu huu bado unatoa mapya. Lesula, tumbili wa bonde la Lomami aliyekuwa akijulikana na kila mwindaji wa huko, aliandikwa rasmi mwaka 2012. Mbuga ya Taifa ya Lomami, ambayo kazi yake iliongozwa kutoka Kindu, ilitangazwa mwaka 2016, karibu kilomita za mraba 8,900 katika Maniema na Tshopo. Tausi wa Kongo, ndege ambaye Chapin alianza kumtafuta kwa unyoya mmoja tu aliouona mwaka 1913, aliandikwa mwaka 1936. Na nyoka wa michikichi yetu, 2021.

Kwa hiyo namalizia kwa ombi, hasa kwa vijana wenye simu. Mkimwona nyoka wa mti, mpigeni picha mkiwa mahali pa usalama: kichwa kutoka ubavuni, kisha mwili mzima. Mkimkuta amekufa barabarani au amekatwa shambani, picha ya tumbo nayo ina faida, kwa kuwa magamba ya tumbo huhesabiwa. Andikeni tarehe, saa, na jina la kijiji. Na andikeni ng'ambo ipi ya Lualaba, ya kuchwa jua au ya kucha, kwa sababu picha isiyotaja ng'ambo haiwezi kumsaidia anayechunguza mto umewatenga nani na nani. Picha hizo mpeni mwalimu wenu wa biolojia, naye azifikishe Kindu, Kisangani au Lwiro.